Mama mkwe ana kisukari, anasema namnyima chakula

Shikamoo Shangazi,

Mume wangu ni mtu wa Tukuyu, tunaishi Kihesa, Iringa, na watoto watatu. Miezi michache iliyopita alimleta mama yake kukaa nasi baada ya kugundulika ana kisukari. Siku alipopimwa kabla ya kula, sukari ilisoma 14. Alipewa vidonge vya aina mbili, akaambiwa apunguze wanga, basi. Hakuna aliyetufafanulia.

Mpishi ni mimi. Nikamnunulia mama sufuria yake ndogo. Asubuhi namkorogea uji wa ulezi bila sukari, mchana na usiku ugali wa mtama au dona na mchicha, na hapo namwacha ale mpaka ashibe kwa sababu nasikia ndivyo vyakula vya wagonjwa. Sisi wengine tunakula wali na ugali wa sembe kama kawaida. Ndizi za kwao nimezipiga marufuku, viazi hagusi, na maparachichi anayoletewa nayagawa kwa majirani kwa sababu yana mafuta. Pamoja na yote hayo sukari haijatulia. Juzi ilipofika saa saba mchana hajala, alianza kutetemeka na kutokwa jasho, tukadhani malaria.

Sasa mama amenuna. Nimemkuta kwa jirani anakula maandazi na chai ya maziwa. Wifi amenipigia simu kutoka Mbeya, ananiambia namuua mama yake kwa njaa, na kwamba atatuma asali na dawa ya mizizi kwa basi. Mume wangu yuko kimya. Nifanye nini?

Mkwe aliyechoka, Iringa

Marahaba mwanangu, na pole. Kumuuguza mtu kwa moyo wote halafu ukaitwa mchoyo kunauma. Nia yako ni safi, ila ile sufuria ndogo iondoe jikoni. Nitakueleza sababu, lakini tuanze na jambo lisilosubiri.

Kule kutetemeka na kutokwa jasho kunafanana sana na sukari kushuka kupita kiasi. Baadhi ya vidonge vya kisukari, kama vile glibenklamaidi, vinaendelea kuishusha sukari hata kama mgonjwa hajatia kitu tumboni. Akimeza asubuhi na chakula cha mchana kikachelewa, mwili unaishiwa. Anatetemeka, anatoka jasho, anaweza kuongea maneno yasiyoeleweka na hata kuzirai. Ikitokea tena, akiwa macho na anaweza kumeza, mpe vijiko vinne vya chai vya sukari vilivyokorogwa kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida. Zikipita dakika 15 bila nafuu, mpe tena, kisha ale chakula. Akiwa amezirai msimmiminie chochote mdomoni, mkimbizeni hospitali. Na wiki hii hii bebeni vidonge vyake vyote mrudi kliniki, mweleze kilichotokea. Kwa mtu anayemeza dawa za namna hiyo, saa ya kula ni sehemu ya dawa.

Sasa tuingie jikoni. Mtama, ulezi, dona na sembe vyote ni wanga, na wanga wote ukishasagwa tumboni huingia kwenye damu kama sukari. Dona ni bora kuliko sembe kwa sababu halikukobolewa. Limebaki na nyuzinyuzi zake, linashibisha mapema na kupandisha sukari taratibu zaidi. Lakini ukimwacha mama ale dona mpaka ashibe, faida yote hiyo inapotea. Vivyo hivyo uji wa ulezi. Unga umesagwa laini na uji wenyewe ni majimaji, kwa hiyo hauchelewi kufika kwenye damu hata kama hukutia sukari. Kikombe kimoja kinatosha, na kiambatane na yai la kuchemsha au kiganja cha karanga.

Kipimo anacho mwenyewe mkononi. Tonge zote za ugali atakazokula kwa mlo mmoja, ukizikusanya pamoja, zisizidi ngumi yake. Chukua sahani ya kawaida, uigawe kwa macho. Nusu nzima ijae mboga: mnafu, majani ya maboga, chainizi, figiri, kabichi, nyanya na vitunguu vya Ilula. Robo iwe maharage, njegere, dagaa wa Ziwa Nyasa, samaki, yai au nyama isiyo na mafuta. Robo iliyobaki ndiyo ya wanga. Akimaliza na bado ana njaa, aongezwe mboga au maharage. Mafuta ya kupikia uyapime kwa kijiko, usimimine moja kwa moja kutoka kwenye dumu, na mkono wa chumvi uwe mwepesi, kwa kuwa kisukari na shinikizo la damu mara nyingi huandamana.

Kwa kipimo hicho ndizi za Tukuyu zinarudi nyumbani. Ndizi mbichi zilizopikwa si haramu kwa mgonjwa wa kisukari. Zinakaa kwenye robo ya wanga, mahali pa ugali. Viazi vya Uporoto ni hivyo hivyo, na wali wa Kyela pia. Siku ya ndizi hakuna ugali, siku ya wali hakuna viazi kwenye mchuzi. Kinachowaangusha wengi ni kuvirundika: wali, viazi ndani ya mchuzi, na chapati pembeni, halafu mtu anasema amekula kidogo kidogo.

Kwenye parachichi umemwonea mama. Tunda lile lina sukari kidogo mno na nyuzinyuzi nyingi, na mafuta yake hayaudhuru moyo. Watu wa Rungwe wanaliuza mpaka Ulaya, wewe unaligawa kwa majirani! Mpe nusu kwa mlo, asizidishe, kwa kuwa linanenepesha likiliwa ovyo. Matunda mengine ale tunda zima, moja kwa wakati: pea, chungwa, tunda damu, na msimu wa mafyulisi ukifika, fyulisi moja au mawili. Asipewe kisado kizima akae nacho barazani. Juisi asinywe, hata ya kukamua nyumbani. Glasi moja hubeba sukari ya machungwa matatu au manne, na nyuzinyuzi zimebaki kwenye chujio.

Kuhusu chai, nadhani kwenu mnafanya kama kwetu: sukari inatiwa kwenye sufuria kabla chai haijamiminwa kwenye chupa, hivyo anayeitaka na asiyeitaka wote wanakunywa tamu. Kuanzia kesho chupa iingie mezani bila sukari, na bakuli la sukari likae kando kwa mwenye kutaka. Maziwa ya Rungwe au mtindi anywe, kikombe kimoja, bila sukari. Usifikiri namwonea bibi peke yake. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba hata mtu mzima mwenye afya ingekuwa vyema asizidishe takribani gramu 25 za sukari ya kuongeza kwa siku, yaani vijiko sita vya chai. Chupa moja ya soda ya mililita 350 inakaribia gramu 35. Wajukuu wanaokunywa soda kila Jumapili wameshapita kipimo kabla ya kugusa chai.

Hapo ndipo ninapotaka sufuria iwe moja. Kwanza, mgonjwa anayepikiwa kivyake hula kwa siri. Mama yule hakuenda kwa jirani kwa ulafi. Alifuata kula pamoja na watu. Pili, kisukari cha ukubwani hutembea kwenye familia. Mumeo yumo, wifi yako wa Mbeya yumo, na watoto wako wamo. Chakula kinachomfaa mama ndicho kitakachowakinga wao. Mwaka 1989 Dkt. Donald McLarty wa Muhimbili na wenzake walichapisha utafiti wa vijiji vya Tanzania, na waliokutwa na kisukari hawakufika hata mtu mzima mmoja kati ya 100. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta takribani watu 9 kati ya 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Vipimo na maeneo vilitofautiana, lakini mwelekeo unaonekana. Tunakula sembe, mafuta na soda kuliko wazee wetu, na tunatembea kwa bodaboda hata kwenda dukani.

Kwa hiyo pika sufuria moja: dona la wote, mnafu wa wote, maharage ya wote. Na mpishi asiwe wewe tu. Mwanamke aliyekulia Tukuyu hahitaji kufundishwa kumenya ndizi. Mpe kisu, mwombe awapikie ndizi za maharage kama za kwao, wewe ushike kijiko cha mafuta. Kama kuna kipande cha ardhi nyuma ya nyumba, apande mnafu na maboga. Jioni watoto wamsindikize kutembea nusu saa, siku tano kwa wiki. Misuli ikifanya kazi hutumia sukari iliyo kwenye damu. Nina hakika kununa kutapungua akijiona ni mama wa nyumba kuliko mgonjwa wa pembeni.

Wifi mwachie kaka yake. Si kazi ya mkwe kujibizana na wifi kwa simu kuhusu tumbo la mama yao. Mumeo amwambie dada yake mambo mawili. Asali ni sukari, hata kama imetoka mzingani. Na mizizi isiyojulikana, ikichanganywa na vidonge vinavyoshusha sukari, inaweza kumwangusha mama au kumharibu figo. Akitaka kusaidia, atume maharage na maparachichi, au nauli ya kliniki.

Kliniki yenyewe msiiendee kuchukua vidonge tu. Siku mama anapokwenda, wewe na mumeo mfuatane naye, mkaulize mezani kwa muuguzi: lengo lake ni lipi? Kwa wengi, sukari ya asubuhi kabla ya kula inatakiwa kuwa kati ya 4 na 7, lakini kwa mzee daktari anaweza kulegeza. Ombeni akaguliwe miguu na macho, kwa sababu kidonda kidogo cha mguu ambacho hakiumi kimewakatisha wengi miguu. Chama cha Kisukari Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 1985, kimefanya kazi na hospitali kufungua kliniki za kisukari mikoani, kwa hiyo msikubali kurudi nyumbani na agizo la maneno mawili.

Mwanangu, wewe si mchoyo, na mama si mkaidi. Mlipewa ugonjwa bila maelezo. Na wewe msomaji ambaye baba au mama yako ana kisukari, usisubiri kiu na kukojoa mara kwa mara. Nenda kituo cha afya kilicho karibu nawe wiki hii, asubuhi kabla hujala, ukapime.