Yaliyomo Yasiyodanganya

Ripoti ya mradi wa somo la kompyuta katika kidato cha nne huwa na kurasa nyingi, na anayeikagua hutegemea Yaliyomo kujua pa kwenda. Yakisema kwamba sura ya majaribio iko ukurasa wa 31, naye afike huko akute michoro, kazi nzuri inaanza kutiliwa shaka. Basi tuitazame orodha hiyo ya mbele na viungo vyake, tukitumia Microsoft Word.

Wengi huichapa kwa mkono, nukta baada ya nukta mpaka ukingoni. Huo ni utumwa! Ongeza aya mbili tatu katikati ya ripoti, na nambari za chini yake zote huenda zikawa uongo. Tarakilishi inaweza kuifanya kazi hiyo, mradi uiambie kichwa ni kipi. Kukoleza wino na kupiga mstari hakutoshi, mashine haisomi urembo. Weka kiteuzi kwenye kichwa cha sura, uchague mtindo wa "Heading 1". Vichwa vidogo vipe "Heading 2". Kisha fungua kichupo cha References, uingize Yaliyomo.

Hapa ndipo penye siri yenyewe. Unachokiona si maandishi ya kawaida, bali ni jibu la agizo lililofichwa. Bonyeza Alt na F9 pamoja, litajitokeza: TOC \o "1-3" \h \z \u. Hiyo "1-3" ni ngazi za vichwa zinazokusanywa. Ukitaka ngazi mbili tu, andika "1-2". Alama ya \h ndiyo inayogeuza maneno kuwa kiungo cha kumpeleka msomaji kwenye sura. Ifute, ubonyeze Alt na F9 tena, kisha F9 peke yake, na maneno hayo hayatamrusha mtu popote.

Mbona basi ukibofya kiungo unabaki palepale? Kwa kawaida Word hungoja ushikilie Ctrl, ili anayehariri asitupwe ukurasa wa 40 bila kupenda. Ukitaka mbofyo mmoja utoshe, nenda File, Options, Advanced, uondoe tiki penye Ctrl na Click. Lakini mpangilio huo ni wa mashine yako, hausafiri na faili. Kompyuta ya mwalimu itafuata wake.

Tena, usisahihishe tahajia ndani ya Yaliyomo. Kosa litarudi ukisasisha jedwali zima. Sahihisha kichwa kule kwenye sura, halafu F9. Utaulizwa kama unataka nambari za kurasa pekee au jedwali zima. Ikiwa umeongeza, umebadilisha au umefuta kichwa, chagua zima. Ukifuta kichwa kisha uchague nambari pekee, unaweza kuachiwa maneno "Error! Bookmark not defined" mahali pa nambari, na printa itayachapa vivyo hivyo, ati ndiyo kazi yako.

Kwa wanaotuma ripoti kwa simu: ihifadhi kama PDF kupitia Save As, na viungo vitafanya kazi kwa kuguswa tu. Ukipitia amri ya kuchapisha, ukachagua Microsoft Print to PDF, kurasa zitatoka safi lakini viungo vitakuwa vimekufa.