Daftari la Paa: Kinga ya Mkazi Anapodai Fidia ya Bima

Msimu wa mvua unapoanza katika nyanda za juu za Kigoma, upepo mkali huezua mapaa ya baadhi ya nyumba. Bati likiondoka, godoro hulowa, mahindi na maharage yaliyohifadhiwa ndani huharibika, na ukuta wa udongo huanza kumomonyoka. Mkazi wa Kibondo au Kasulu aliyekata bima hutarajia kufidiwa. Hata hivyo, mara nyingi fidia hutegemea jambo linalosahaulika: uthibitisho kwamba paa lilikuwa imara kabla ya upepo huo.

Bima hulipa nini?

Bima ya nyumba hulipa hasara inayotokea kwa ghafla. Uchakavu haumo. Bati lililoliwa na kutu kwa miaka mingi, au kenchi iliyotafunwa na mchwa, huhesabiwa kuwa upungufu wa matunzo. Mtathmini wa hasara anapofika hukuta mabati yametawanyika na mbao zimevunjika, naye hupaswa kuamua iwapo chanzo ni upepo au ubovu wa siku nyingi. Mwenye nyumba asiye na kumbukumbu hubaki na maneno yake tu.

Mambo mawili zaidi yachunguzwe kabla ya kulipa ada. Kwanza, bima ya moto katika umbo lake la kawaida hulenga moto na radi. Dhoruba na mafuriko mara nyingi huongezwa kwa makubaliano maalumu. Mkazi amwombe wakala amwonyeshe kifungu cha dhoruba katika mkataba. Mwenye paa la nyasi aulize mapema iwapo nyumba yake inakubalika na kwa masharti gani.

Pili, thamani itajwe kwa ukweli. Kwa mfano, nyumba ambayo kuijenga upya kungegharimu shilingi milioni 20 ikikatiwa bima ya milioni 10, imekingwa kwa nusu. Ikitokea hasara ya milioni 4, kampuni yaweza kulipa milioni 2 pekee, kwa kuwa kiasi kilichobaki kilikuwa juu ya mwenye nyumba.

Yanayopaswa kuandikwa

Daftari la kawaida la shule linatosha. Liandikwe:

1. Mwaka wa kuezeka, jina la fundi, na aina ya bati pamoja na geji yake. Geji 30 ni nyembamba kuliko geji 28, na tofauti hiyo hugusa gharama ya kulirudishia paa.
2. Tarehe ya kila ukaguzi na hali iliyoonekana: kutu, misumari iliyolegea, kofia iliyoinuka, mbao zenye mchwa, madoa ya maji kwenye dari.
3. Kila ukarabati, gharama yake na risiti. Maandishi ya risiti hufifia, hivyo ipigwe picha au itolewe nakala mapema.
4. Picha za paa kutoka pande zote nne na kutoka ndani, zikiwa na tarehe.

Nakala za mkataba wa bima, stakabadhi za ada na hati ya umiliki, ikiwemo hatimiliki ya kimila, ziwekwe pamoja na daftari. Picha zitumwe pia kwa ndugu anayeishi nyumba nyingine, kwa kuwa mvua iharibuyo paa huharibu pia simu na karatasi.

Wakati wa kukagua

Ukaguzi wa kwanza ufanyike kiangazi, kati ya Juni na Agosti, ili fundi apate muda wa kurekebisha. Wa pili ufanyike mvua zinapokwisha. Paa likaguliwe pia baada ya kila upepo mkali.

Paa likiezuliwa

Usalama wa watu hutangulia. Kisha picha zipigwe kabla ya kuondoa chochote, kampuni au wakala ajulishwe mara moja, na taarifa itolewe kwa Mtendaji wa Kijiji au Mtaa ili tukio liandikwe. Vitu vilivyosalia vifunikwe kwa turubai, kwa sababu mwenye bima ana wajibu wa kuzuia hasara isiongezeke. Mabati yaliyoharibika yasiuzwe wala kutupwa kabla ya mtathmini kuyaona.

Kampuni ikikataa madai, mkazi aombe sababu kwa maandishi. Kampuni za bima husimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania (TIRA) chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009, na yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima anayepokea malalamiko ya wananchi.

Asiye na bima naye anufaike na daftari hili. Litamwonyesha msumari uliolegea wakati kuupigilia upya bado ni kazi ya siku moja, na litakuwa na maelezo kamili iwapo kamati ya maafa itafika kutathmini hasara. Wakazi wanahimizwa kuandika ukurasa wa kwanza kabla mvua zijazo hazijaanza.