Mbona PIN Hufungwa Ukikosea Mara Tatu?

Umesimama kwa mama mboga, watu wako nyuma yako, na simu inakwambia PIN si sahihi. Unajaribu tena. Ya tatu, huduma inafungwa. Inaudhi, tunajua: pesa ni zako na umefungiwa nje. Leo tunakueleza mbona iko hivyo, na vile unaweza kufunga simu yako kama wahandisi wanavyofunga mitambo.

Hesabu ya tarakimu nne

PIN ya tarakimu nne inaweza kupangwa kwa njia 10,000 pekee, kuanzia 0000 hadi 9999. Bila kikomo, mwizi mwenye subira angeipata tu. Akipewa nafasi tatu za kubahatisha, ana nafasi 3 kati ya 10,000. Lakini kama PIN yako ni mwaka wako wa kuzaliwa, na kitambulisho kilikuwa kwa mkoba uleule ulioibwa na simu, hata nafasi moja inamtosha.

Kwenye seva ni vilevile

Seva ni kompyuta inayotunza rekodi za wateja. Hata mhandisi hawezi kuingia tu hivi hivi. Seva nyingi hutumia mfumo wa Linux, na ndani yake kuna sehemu iitwayo PAM inayokagua anayetaka kuingia. Hapo mhandisi anaweza kuweka masharti: ukikosea nenosiri mara tatu, subiri dakika 10, ukipatia, toa pia tarakimu sita zinazobadilika kila sekunde 30.

Shida ni mkono wa binadamu. Ukiwa na seva ishirini na uziwekee masharti moja moja, kuna moja utasahau. Mwizi hahitaji zote ishirini, anatafuta hiyo moja. Ndiyo maana masharti huandikwa mara moja kwenye skripti, yaani faili ya maagizo ambayo kompyuta hufuata yenyewe, kisha skripti hiyo hiyo huendeshwa kwa seva zote.

Lakini skripti yenye kosa dogo inaweza kuwafungia nje wote kwa mpigo, hata wenye mitambo. Kwa hivyo mhandisi makini hufanya mambo matatu: anahifadhi nakala ya masharti ya zamani, anakagua faili kabla ya kuitumia, na hatoki ndani ya seva mpaka ajaribu kuingia upya kwa dirisha lingine na afaulu.

Sasa ni zamu yako

Watu wengi wana PIN ya pesa na kufuli ya skrini, lakini laini yenyewe iko wazi. Mwizi anaitoa, anaiweka kwa simu yake, na jumbe zako za uthibitisho zinaanza kuingia kwake. Funga mlango huo:

1. Tafuta kile kipande cha plastiki kilichokuja na laini. Mara nyingi ndicho chenye PIN ya laini na namba ya PUK. Hiyo ndiyo nakala yako; iweke nyumbani, si kwa mkoba. Ukikikosa, pata namba hizo kwanza kutoka kwa kampuni ya laini yako.
2. Fungua mipangilio ya simu, ingia sehemu ya usalama, kisha washa kufuli ya SIM.
3. Simu itauliza PIN ya laini, si ile ya pesa. Usibahatishe! Ukikosea mara tatu itataka PUK, na ukikosea PUK mara kumi laini hiyo imekufa kabisa.
4. Badilisha PIN ya laini. Isifanane na ya pesa wala ya skrini.
5. Zima simu, uiwashe tena ukiwa bado nyumbani, na uhakikishe PIN mpya inakubali.

Usiruke hatua ya tano. Afadhali kukwama sebuleni na PUK mkononi kuliko kukwama stendi usiku, nauli yote ikiwa kwa simu.

Na kumbuka: hatutawahi kukupigia simu kukuuliza PIN yako. Anayeuliza ni tapeli; kata simu.

Ukimaliza, msaidie mzazi wako au jirani afunge laini yake pia. Ni kazi ya dakika tano tu.