Uliwapa nini? Somo juu ya kazi ya wakili wa serikali katika mambo ya wahamiaji



Katika somo hili tunataka kuangalia kazi ambayo wengi wetu hatujaiona kwa macho, lakini imegusa jamaa nyingi za Kivu, Ituri na Tanganyika. Ni kazi ya wakili wa serikali ya Marekani anayeshughulikia sheria ya wahamiaji na usalama wa taifa. Katika mwaka wa bajeti wa 2016, Marekani ilipokea wakimbizi 16,370 kutoka Kongo, wengi kuliko wa nchi nyingine yoyote mwaka ule. Mpango huo ulisimamishwa Januari 2025. Lakini wako pia ndugu zetu waliofika wenyewe na kuomba hifadhi huko huko, na kesi zao ziko mahakamani. Hao ndio wanaokutana na wakili huyu.

Katika chumba cha mahakama ya uhamiaji kuna jaji, mwombaji, mkalimani, na upande wa pili wakili wa serikali. Tangu 2003 wakili huyo anatoka Wizara ya Usalama wa Ndani, iliyoundwa kwa sheria ya 2002 baada ya mashambulizi ya Septemba 2001. Jaji ni wa Wizara ya Sheria. Mwombaji anaruhusiwa kuwa na wakili wake, ila serikali haimlipii. Asiye na pesa anaweza kusimama peke yake.

Watu wetu wengi wanamwona wakili wa serikali kuwa adui. Si hivyo kabisa. Mwaka 1997, katika kesi ya mtu wa Liberia, baraza la rufaa za uhamiaji lilieleza kwamba kazi ya serikali si kufukuza watu tu kwa vyovyote. Haki ikitendeka, serikali nayo imeshinda. Hata hivyo yeye si mtetezi wa mwombaji. Anasoma faili, anatafuta palipo na mashaka, anauliza.

Swali ambalo tunataka kukaa nalo ni hili: uliwapa nini?

Sheria ya Marekani inamkatalia hifadhi mtu aliyetoa msaada kwa kundi la kigaidi. Tukisikia neno hilo tunafikiri mabomu na ndege. Lakini tangu 2001 sheria inahesabu hata kundi la watu wawili au zaidi, lililojipanga au lisilojipanga, linalotumia silaha kwa makusudi fulani, hata kama jina lake haliko kwenye orodha yoyote. Kundi la msituni linaweza kuingia humo. ADF, wanaosumbua Beni na Ituri, waliandikwa rasmi kwenye orodha ya makundi ya kigaidi Machi 2021.

Na msaada ni nini? Mwaka 2018 baraza lile lile liliamua kesi ya mama wa El Salvador aliyetekwa na waasi mwaka 1990, akalazimishwa kuwapikia, kuwasafishia na kuwafulia nguo. Likasema huo ni msaada, na udogo wake hauondoi kosa. Mmoja wa majaji alikataa, lakini wenzake walimshinda kwa kura. Miaka miwili kabla, baraza lilikuwa limekwisha kuamua kwamba kulazimishwa hakumtoi mtu katika kifungu hicho. Sisi tuliposoma hayo mara ya kwanza, tulirudia ukurasa tukidhani tumesoma vibaya.

Tuchukue mfano, si wa mtu halisi. Mama wa Masisi alilipa lala salama kila mwezi, kama kijiji kizima. Alinunua jeton ili apite bariere kwenda shambani. Siku moja walimbebesha gunia la maharagwe hadi kwenye kambi yao. Kwetu huyu ni mtu aliyeonewa mara tatu. Wakili wa serikali akifungua faili anaona pesa mara nyingi, na chakula mara moja.

Je, hakuna njia? Iko. Tangu 2007 serikali inaweza kumsamehe aliyelazimishwa. Lakini jaji hana uwezo wa kutoa msamaha huo. Unatolewa na ofisi nyingine, baada ya kesi kumalizika. Ofisi hiyo inaangalia kama mtu angeweza kukwepa, alitishwa kwa kitu gani, nani angeumizwa, na hatari ilikuwa karibu kiasi gani. Kwa hiyo wakili wa serikali akiuliza, “Mbona hukukimbia?”, swali linauma, lakini jibu lake ndilo litakalosomwa baadaye. Mwenye kuficha gunia lile kwa hofu, kisha likajulikana, haaminiwi tena hata kwa mambo ya kweli.

Hapa kazi inarudi kwetu. Ndugu aliye mbali anaomba barua ya ushuhuda kutoka kwa chifu, mchungaji au jirani. Mara nyingi tunaandika haraka. Tumeona mtu akiandika kwamba fulani “alikuwa akisaidia vijana wa msituni”, akikusudia tu kusema kwamba alikaa eneo lao. Neno hilo moja likitafsiriwa, linaweza kumfunga. Wengine wanaongeza uongo ili kusaidia, na uongo unavunja kesi. Tuandike tulichoona: siku ipi, walikuja wangapi, walishika nini mkononi, yule aliyekataa alipatwa na nini.

Tena, tusimlaumu wakili wa mbali peke yake. Katika mabaraza yetu ya upatanisho tunasikia neno hilo hilo: “Wale walilisha waasi.” Kijiji kimoja kinakinyima kingine shamba kwa sababu hiyo, bila kuuliza kama bunduki ilikuwa mlangoni. Mwanasheria wa huko angalau ana kifungu cha msamaha, hata kama kinachelewa.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:

Katika kijiji chetu, nani alilipa lala salama, na nani aliweza kukataa? Aliyekataa yuko wapi leo?

Jirani akiomba barua, na tunajua alibeba mizigo ya kundi, tutaandika nini?

Je, kuna tofauti kati ya aliyetoa unga kwa hofu na aliyetoa akitumaini kupata cheo? Tungeijuaje?