SIKU YA KWANZA KWA MSHAURI WA MOYO
Somo kwa wamama wanaokuja kupima watoto



Tunapopima mtoto, tunaandika kilo zake kwenye karti. Kilo zikishuka tunauliza: Anaharisha? Ana homa? Ananyonya vizuri? Leo tunaongeza ulizo moja: Na wewe mama, roho yako iko namna gani?

Wengi wanajibu, "Niko muzima tu." Lakini mama mwenye roho mgonjwa hana nguvu ya kupika uji, hana hamu ya kumshika mtoto, na mtoto anakonda pamoja naye. Kwa hiyo ulizo hili si la bure.

1. HUZUNI GANI INATAKA MSAADA?

Siku chache nyuma ya kuzaa, wamama wengi wanalia bila kujua sababu. Hiyo si ugonjwa. Inapita yenyewe mbele ya juma mbili kuisha, kama mama anapumzika na anasaidiwa kazi.

Lakini angalia vizuri kama huzuni imepita juma mbili, na unaona mambo kama haya:
– Usingizi haukuji hata mtoto akiwa amelala.
– Bukari haina ladha, au unakula bila kusikia kitu.
– Unachoka toka asubuhi. Unakasirika bure.
– Unamtazama mtoto kama si wako.
– Unajisemea kila siku kama wewe ni mama mbaya.
– Unawaza mawazo mingi, hayana mwisho.

Huu ni ugonjwa, kama malaria ni ugonjwa. Si uvivu, si uchawi, si malipo ya zambi. Shirika la Afya la Ulimwengu (OMS) linaonyesha kama katika inchi zenye umaskini karibu wamama 20 katika 100 wanapatwa na ugonjwa wa roho nyuma ya kuzaa. Hesabu mwenyewe wamama walioketi hapa kwenye benchi leo.

2. MSHAURI NI NANI?

Ni mtu aliyejifunza kusikiliza na kusaidia watu wenye mzigo wa moyo. Wengine wanamwita psikologi. Yeye hachomi shindano, haandiki vidonge. Dawa yake ni mazungumzo yenye mpango. Munganga wa magonjwa ya akili ni mwingine: yule anaweza kutoa vidonge. Kama unanyonyesha, usianze wala usikatishe kidonge chochote bila kumwuliza munganga.

Washauri wengine wanafanya kazi ndani ya hospitali. Wengine wanafanya kazi yao wenyewe, katika chumba chao, na unawalipa wewe mwenyewe. Anza kwa kumwuliza infirmiye wa kituo chako cha afya, ukiwa Kikula, Panda, Shituru au hapa karibu. Yeye anaweza kukuelekeza. Kwa ugonjwa mkali, Lubumbashi kuna hospitali ya magonjwa ya akili ya Joseph Guislain.

3. MBELE YA KUKUBALI, ULIZA

Hakuna haya kuuliza. Ukinunua kitenge unakigeuza pande zote; na moyo wako una bei kuliko kitenge. Kwa mshauri wa kulipwa, uliza haya:
– Ulijifunza kazi hii wapi? Una karatasi ya masomo?
– Bei ni franka ngapi kwa mara moja? Nikikosa pesa juma moja, tutafanya namna gani?
– Tutaonana mara ngapi, na kwa muda gani?
– Nitakayosema, nani mwingine atayajua?
– Naweza kuja na mtoto anayenyonya?

Mshauri mzuri anajibu bila kukasirika. Anayetaka pesa ya miezi mingi siku ya kwanza, anayeahidi kukuponyesha kwa siku moja, anayekugusa vibaya au kukuita usiku kwake, huyo si mshauri. Toka, na umwambie infirmiye.

4. SIKU YENYEWE ITAKUWA NAMNA GANI?

Wengi wanaogopa siku hii sababu hawajui kitakachotokea. Tuchukue mfano. Mama mmoja ana mtoto wa miezi mitatu. Mwaka uliopita alizika mwingine. Anaingia, anaketi. Mshauri anamsalimu, anamweleza kazi yake na siri yake, kisha anauliza:

– Mama, ni nini imekuleta leo?
– Sijui, Bwana. Roho inaniuma tu.
– Inakuuma toka lini?
– Toka nilizaa huyu. (Ananyamaza. Analia.)
– Lia tu, Mama. Hatuna haraka.

Hii ndiyo siku ya kwanza. Hakuna mtihani. Hakuna jibu la kukosa. Atakuuliza habari za usingizi, chakula, bwana, watoto, mazishi, magonjwa. Vilevile atakuuliza kama unawaza kufa. Usishituke. Anawauliza watu wote, na kuuliza hakuleti mawazo hayo. Sema kweli.

Kama ulizo ni zito, unaweza kusema, "Hili nitajibu siku ingine." Ni haki yako. Siri yako inabaki kwake, isipokuwa anaona uzima wako au wa mtoto uko katika hatari. Hapo sharti atafute msaada, na akuambie mbele.

Ukirudi nyumbani unaweza kuchoka, au kusikia huzuni imezidi kidogo. Kidonda kikioshwa kinauma. Usiache kwa sababu hiyo. Jaribu mara tatu au ine. Kama bado husikii uhuru mbele yake, mwambie wazi, au tafuta mwingine. Si tusi.

5. JE, MANENO TU YANAPONYESHA?

Wengine wanasema, "Mazungumzo si quinine." Tusikie ushuhuda wa inchi yetu. Katika Kivu, wanawake waliotendewa jeuri walifuatwa katika vijiji 15, na matokeo yalitangazwa mwaka 2013. Kundi moja walikutana na mshauri mara 1 peke yao na mara 11 pamoja, wakijifunza namna ya kupima mawazo yanayowatesa. Wengine walipata msaada wa kawaida wa kusikilizwa. Miezi 6 nyuma ya kumaliza, wenye alama za huzuni kubwa au woga katika kundi la kwanza walikuwa 9 tu katika 100. Katika kundi la pili, 42 katika 100. Basi kusikilizwa ni vizuri, lakini mazungumzo yenye mpango yanazidi.

Na kama hakuna pesa ya mshauri wa kulipwa? Katika Zimbabwe, munganga Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kufundisha wabibi wa mtaa wa Mbare, katika Harare, kukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya kiliniki. Kwa lugha yao ugonjwa huu unaitwa kufungisisa, maana yake kuwaza kupita kiasi. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2016 yalionyesha kama wagonjwa wa wabibi hawa walipata nafuu kuliko wale wa matunzo ya kawaida. Maana yake: si lazima uwe tajiri. Inatakiwa mtu aliyefundishwa, na wewe urudi kila mara.

6. MANENO YA WATU

"Watasema mimi ni mwenda wazimu." Mwenye kwenda kwa mshauri anatafuta afya, kama wewe uliyeleta mtoto kupata chanjo.

"Bwana yangu atakataa." Mwambie kwa saa nzuri, akiwa amekula na kupumzika: "Baba fulani, silali, na mtoto anakonda. Infirmiye amenielekeza." Ukitaka, tumwite hapa tuzungumze naye. Lakini kama ni yeye anayekupiga, usimwambie. Tuambie sisi kwanza.

"Mkristo anatosheka na maombi." Tunaomba, na bado tunameza dawa ya malaria. Pasta anaweza kuomba nawe na mshauri akafanya kazi yake. Mmoja hamfukuzi mwingine.

7. HATARI: USINGOJE SIKU YA MASHAURI

Njoo hospitali siku ile ile, hata usiku, kama mama:
– anataka kujiua au kumwumiza mtoto;
– anasikia sauti ambazo wengine hawasikii;
– hajalala siku kadhaa, anasema maneno yasiyofuatana, hasa juma za kwanza nyuma ya kuzaa.

Jamaa, msimwache peke yake, wala msimfunge kamba. Mtu mmoja amshike mtoto, mwingine amsindikize mama.

MAULIZO YA KUZUNGUMZA PAMOJA
1. Huzuni ya siku chache na ugonjwa wa roho vinatofautiana namna gani?
2. Taja mambo matatu ya kumwuliza mshauri mbele ya kumlipa.
3. Jirani yako amezaa juzi na hatoki nyumbani. Utamwambia nini, na nani atamshikia mtoto siku atakapokwenda?