Madaktari Wawili, Ngozi Moja

Ndugu Mkulima,

Ng'ombe wako akishikwa na homa ya kupe, tezi zake huvimba. Daktari wa mifugo humtazama, kisha huchoma tezi kwa sindano, hupaka majimaji yake juu ya kioo na kukipeleka maabara. Wewe huoni ajabu. Lakini ukitokewa na baka mwilini mwako, ukaambiwa, "Tutatoa kipande kidogo cha ngozi," unakimbia! Somo la mwezi huu ni juu ya jambo hilo.

Daktari wa ngozi

Huyu hukutazama na kukuuliza maswali. Baka lilianza lini? Linawasha? Hukugusa kwa pamba, nawe umefumba macho. Hupapasa mishipa ya fahamu kwenye kiwiko na goti. Baka lisilohisi ni dalili kubwa ya ukoma.

Daktari wa maabara

Huyu pengine hatakuona kamwe. Huletewa kipande cha ngozi, kidogo kuliko punje ya hindi, kilichotolewa baada ya sindano ya ganzi. Hukatwa kuwa vipande vyembamba sana, hutiwa rangi na kutazamwa kwa darubini. Lakini kipande peke yake hakitoshi. Aina moja ya ukoma ina vijidudu vichache mno, na chini ya darubini hufanana na kifua kikuu cha ngozi. Kwa hiyo yeye husoma karatasi ya mwenzake: baka liko wapi, lina muda gani, linahisi au halihisi? Karatasi ikiwa tupu, jibu nalo huwa dhaifu.

Mwaka 1966 Ridley, daktari wa maabara, na Jopling, tabibu wa wagonjwa, waliupanga ukoma katika mafungu matano. Waliunganisha yaliyoonekana mwilini na yaliyoonekana kwa darubini. Mpango wao unatumika hata leo.

Ndivyo ilivyo pia kwa saratani ya Kaposi, yenye mabaka na vinundu vyeusi. Huko Kampala na Eldoret, baadhi ya watu walioshukiwa kwa macho kuwa nayo walionekana kwa darubini kuwa hawana. Bila kipimo wangeweza kupewa dawa kali za bure.

Hatari ya kukawia

Mzee mmoja mkulima wa miwa alifika ofisini kwetu na kovu la moto kidoleni. Hakujua anaungua mpaka mkewe aliposikia harufu. Kwa miaka miwili alikuwa amepaka baka lake mafuta ya dukani. Ukoma unapona kwa vidonge vya miezi 6 au 12, navyo hutolewa bila malipo. Lakini mshipa wa fahamu uliokwisha kufa haurudi.

Fanya hivi

1. Kila mwezi tazama ngozi yako na ya watoto wako, mgongoni pia.
2. Ukiona baka lisilohisi, nenda zahanati upesi.
3. Sema kweli yote, hata dawa ulizopaka.
4. Usikatae kutolewa kipande.
5. Rudi uchukue jibu. Kipimo kisichofuatwa ni mbegu iliyoachwa ghalani.

Maswali

1. Kwa nini daktari wa maabara huhitaji maneno ya daktari wa ngozi?
2. Je, nyumbani kwako yuko mwenye baka ambalo halijaguswa kwa pamba?

Karani wa Kilimo,
Migosi, Kisumu.