SOMO: Tumlipe fundi kiasi gani kabla ya kazi?

Hapa Chiwanda, kama kwingineko katika Wilaya ya Nyasa (iliyogawanywa kutoka Mbinga mwaka 2012), familia nyingi hungoja kuuza mpunga au usipa ndipo zitafute fundi wa kuezeka bati. Fundi akifika husema, "Nipe advansi nianze." Ukitoa nyingi mno, anaweza kwenda kumalizia kazi ya mtu mwingine, na mvua za Desemba zikakuta kuta zako za tofali mbichi hazina paa. Ukikataa kutoa chochote, atashindwa kuwalisha wasaidizi wake. Tutafute kiasi kinachowafaa wote wawili.

Tenganisha vifaa na ufundi
Bati, mbao, misumari na saruji nunua mwenyewe. Mwombe fundi aandike orodha, nendeni dukani pamoja, na risiti iandikwe jina lako. Hapo fundi hana sababu ya kuomba fedha ya vifaa. Advansi inabaki kuwa ya chakula, nauli na vibarua wa siku za kwanza.

Gawanya malipo kwa hatua
Kanuni ni hii: fedha uliyotoa isitangulie mbali kuliko kazi iliyofanyika. Tuseme mmepatana ufundi wa kuezeka ni shilingi 600,000. Mnaweza kugawanya hivi:

- Akianza kazi: asilimia 20, yaani 120,000.
- Mbao za kenchi zikikamilika: asilimia 30, yaani 180,000.
- Bati na kofia zikimalizika: asilimia 40, yaani 240,000.
- Baada ya mvua kubwa ya kwanza, paa likiwa halivuji: asilimia 10, yaani 60,000.

Fundi akitoweka baada ya siku ya kwanza, umepoteza 120,000 na bado unazo 480,000 za kumtafuta mwingine. Ungetoa nusu, ungebaki na 300,000, ambazo huenda zisitoshe.

Kazi ya karakana ni tofauti. Seremala wa milango na madirisha hununua mbao kwa fedha yake, hivyo nusu si nyingi. Lakini uzione mbao hizo kabla ya kutoa nyongeza.

Wenzetu wanafanyaje?
Huko Marekani, jimbo la California linamkataza mkandarasi wa kukarabati nyumba kuchukua malipo ya awali yanayozidi asilimia 10 ya bei au dola 1,000, kiasi kilicho kidogo kati ya hivyo viwili. Jimbo la Maryland linaruhusu hadi theluthi moja. Kwetu Tanzania, Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, haikuweka kiwango. Wahusika wanapatana wenyewe, kwa hiyo kinga yako ni mapatano yenu.

Andikeni
Mapatano ya mdomo nayo ni mkataba, lakini ni vigumu kuyathibitisha. Karatasi moja ya daftari inatosha: majina, kazi, bei, tarehe ya kuanza na kumaliza, malipo ya kila hatua, na sahihi zenu mbele ya mashahidi wawili. Kila anapopokea fedha atie sahihi. Ukilipa kwa simu, usifute ujumbe. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakubali ushahidi wa namna hiyo. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Mkishindwa kuelewana, anzeni kwa wazee na serikali ya kijiji. Ikishindikana, peleka karatasi yako Mahakama ya Mwanzo.

Haki ya fundi
Mafundi nao hudhulumiwa. Hatua ikikamilika, lipa siku hiyo hiyo. Ukiongeza kazi katikati, ongeza na bei. Fundi anayelipwa kwa wakati hana haja ya kukimbilia advansi ya nyumba nyingine.

Maswali ya kujadili katika kikundi
1. Hapa kwetu mafundi huomba advansi kiasi gani? Fedha hiyo hufanya nini?
2. Ni kazi zipi zinahitaji advansi kubwa, na kwa nini?
3. Mjane au mzee asiyejua kusoma, nani atamsaidia kuandika mapatano?
4. Mwalikeni fundi mmoja kikundini. Yeye angependa malipo yagawanywe vipi?